Sumaku Haijui Stenlesi

Swali ni lile lile kila siku: "Reli yangu ya ngazi imepata madoa ya kutu, na sumaku inanasa. Si nimeuziwa feki?"

Tuanze na hiyo sumaku, maana imeponza wengi. Stenlesi ya 430 ina kromiamu asilimia 16 hadi 18, ni halali kabisa, na sumaku huinasa. Ya 420, inayotengenezewa visu, hunaswa vilevile. Ile ya 201 imepunguziwa nikeli na kuongezewa manganizi ili bei ishuke. Sumaku haiinasi, lakini mbele ya kutu ni dhaifu kuliko stenlesi ya 304. Anayenunua kwa sumaku ataikataa 430 nzuri na kubeba 201 akidhani amepata. Hata 304 yenyewe, ukiikunja kwa nguvu, penye kona huanza kunasa kidogo. Sumaku haithibitishi wizi. Iacheni.

Angalia kutu ilipo. Ikifuata mishono ya kuchomelea na mikwaruzo ya grenda, kosa liko kwenye kusaga. Diski iliyotoka kwenye geti la chuma cha kawaida imebeba chembe za chuma hicho. Ikigusa stenlesi inazipachika usoni, na hizo ndizo zinazoshika kutu. Cheche za fundi wa pembeni nazo zinatosha. Kusugua kwa stilwaya, kama mnavyoshauriana, ni kuongeza chembe juu ya chembe. Rangi ya silva huficha tu, kutu inaendelea chini yake.

Tena stenlesi hazisagiki sawa. 304 na 316 hupitisha joto karibu theluthi tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo joto hutuama pale pale: uso hugeuka manjano, zambarau, kisha bluu, na chini ya rangi hiyo kromiamu imepungua. Stenlesi hizi hunata, huziba diski, na diski butu huzidi kuufanya uso uwe mgumu. 430 ni rahisi zaidi kusaga. 420 iliyotiwa ugumu haizibi diski sana, ila kisu kikigeuka bluu, ugumu wa makali umekwenda, na msasa hauurudishi.

Basi fanyeni hivi. Diski mpya iliyoandikwa INOX, isiyogusa chuma kingine. Mkono mwepesi, grenda isitulie mahali pamoja. Kisu, chovya majini mara kwa mara. Malizia kwa msasa laini, kwani mikwaruzo mikubwa hukamata chumvi; ndiyo maana reli ya nje huko pwani, Tanga au Mombasa, iwe 316. Madoa madogo, asidi ya sitriki na maji mengi. Rangi ya joto, dawa ya asidi ya kusafishia mishono, lakini ni kali mno: aishike fundi anayeijua, mwenye glavu na miwani. Jiki ni marufuku, hutoboa stenlesi. Na kabla hujalipa, mwambie fundi akuoneshe diski atakayotumia. Akikuonesha ile ya mageti, tafuta fundi mwingine.