Intaneti ya Nyumbani Tabaka: Bei Hushuka Vipi, na Nani Ana Jukumu Gani?

Mchongaji wa mawe ya sabuni mwenye mteja ng'ambo anahitaji kutuma picha na video za kazi yake na kujibu maswali kila siku. Akitegemea bando za simu, faida huliwa na gharama. Kwa hivyo intaneti ya kasi nyumbani, inayolipiwa mara moja kwa mwezi, ni suala la riziki hapa Tabaka.

Ushindani umeleta nini?

Hadi 2009, Kenya ilitegemea setilaiti za gharama kubwa kwa intaneti. Mwaka huo mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa kupitia baharini. Mwaka 2010, Zain, ambayo sasa ni Airtel, ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na washindani wake wakalazimika kupunguza.

Hali kama hiyo imejirudia katika intaneti ya nyumbani. Starlink, inayotumia setilaiti, ilianza huduma nchini Julai 2023. Agosti 2024 ikaanza kukodisha vifaa kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, mbali na ada ya intaneti yenyewe. Mwezi uliofuata Safaricom iliongeza kasi ya faiba bila kupandisha bei: kifurushi cha shilingi 2,999 kilitoka megabiti 10 hadi 15 kwa sekunde.

Mbona faiba haifiki kila boma?

Kampuni hulipia nguzo, mitaro na nyaya kabla ya kupata mteja hata mmoja. Mjini, kebo moja huhudumia jengo zima la kupangisha. Mashambani, kila boma linahitaji waya wake. Hata hivyo, nyanda za juu za Gusii ni miongoni mwa maeneo ya mashambani yenye msongamano mkubwa wa watu nchini, na maboma yetu yamekaribiana. Majirani wakituma ombi moja kwa pamoja, kampuni huona wateja walio tayari kwenye njia moja.

Nani ana jukumu gani?

Jedwali la Nne la Katiba linaiachia serikali ya kitaifa mawasiliano ya simu. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kaunti haitoi leseni wala haipangi bei. Kampuni zenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka katika Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyoundwa kusaidia maeneo yanayoachwa nyuma na soko.

Barabara za kaunti, kwa upande wake, ni jukumu la kaunti. Kampuni inayotaka kupitisha kebo kando ya barabara hizo huhitaji kibali. Ukiona mtaro ulioachwa wazi, ripoti.

Kabla ya kutia sahihi

1. Uliza ikiwa bei inajumuisha ufungaji na kifaa, na kifaa kitakuwa cha nani mwishowe.
2. Uliza kikomo cha matumizi. Baadhi ya vifurushi hupunguza kasi ukipita kiwango fulani.
3. Maneno "kasi ya hadi" humaanisha kiwango cha juu kabisa. Muulize jirani anayetumia huduma hiyo anapata kasi gani saa mbili usiku, wakati watu wengi wako mtandaoni.
4. Linganisha na mazingira yako. Intaneti ya mnara wa simu hudhoofika kilima kikiukinga, na dishi la setilaiti huhitaji anga wazi. Mikaratusi iliyozunguka boma huikata. Faiba haijali kilima wala miti, lakini nguzo ikianguka, mtaa mzima hubaki bila huduma.
5. Hakikisha kampuni ina leseni, na uhifadhi risiti na mkataba.

Huduma ikiwa mbovu, lalamika kwanza kwa kampuni na uweke nambari ya malalamiko. Usiposaidiwa, peleka suala hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Kwa maswali kuhusu uchimbaji kando ya barabara za kaunti, fika katika ofisi ya Msimamizi wa Wadi yako.