Pampu, Bomba na Neli: Istilahi za Njia ya Mafuta katika Gari la Mwendo wa Kasi

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa wafasiri wa vitabu vya ufundi, lipo moja ambalo kwa nje laonekana dogo: je, kile chombo kinachovuta petroli kutoka tangini na kuisukuma hadi kwenye injini kiitwe pampu au bomba? Wapo wanaoona kwamba neno bomba ni la zamani zaidi katika Kiswahili na kwa hiyo ndilo linalostahili kupewa nafasi ya kwanza. Wengine hushikilia pampu kwa kuwa ndilo linalotamkwa katika gereji zote. Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa kirefu, na kulieleza kwa kutumia kazi moja mahsusi, yaani kazi ya kubadili pampu na neli za mafuta katika gari linaloongezewa nguvu. Tumechagua kazi hiyo kwa sababu ndani yake chombo kinachosukuma na njia ya kupitishia hubadilishwa pamoja, na mfasiri aliyeyachanganya majina yake hana pa kujificha.

Tuanze na neno lenyewe. Bomba limetufikia kutoka lugha ya Kireno, na huko maana yake ni chombo cha kuvutia au kusukumia maji. Maana hiyo ingali hai. Mtu anayejaza upepo katika gurudumu la baiskeli hutumia bomba, na muuguzi huvuta dawa kwa bomba la sindano. Lakini katika vinywa vya wasemaji wa Kiswahili neno hilo halikutulia. Lilitoka kwenye chombo likahamia kwenye mwanzi unaopitisha maji, likafika kwenye mfereji wa nyumbani, na hata bomba la moshi la gari likapata jina hilo hilo ijapokuwa halivuti wala halisukumi kitu. Kwa vijana wa siku hizi, kitu kizuri sana nacho ni bomba. Hiyo tuwaachie wenyewe.

Sasa tazama yanayotokea neno hilo linapoandamana na mafuta. Mwananchi wa Tanzania akisikia bomba la mafuta, huwaza bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lililoanza kazi mwaka 1968 kati ya Dar es Salaam na Ndola nchini Zambia. Au huwaza bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ambalo njia yake ya kilomita 1,443 inakatiza hata wilaya za Nzega na Igunga katika Mkoa wa Tabora. Ikiwa jina hilo hilo litatumika kwa mwanzi wenye upana wa kidole uliofungwa chini ya gari, na tena kwa chombo cha kusukumia petroli, basi neno moja litakuwa limebebeshwa mizigo mitatu, na msomaji atalazimika kubahatisha.

Kubahatisha huko kuna gharama. Ipole, kusini ya Sikonge, ndipo barabara itokayo Tabora inapogawanyika: mkono mmoja waelekea Koga na Mpanda, na mwingine waelekea Rungwa na kuendelea hadi nchi ya Mbeya. Kutoka Ipole hadi Rungwa ni yapata kilomita 170, na sehemu kubwa ni msitu wa miombo wenye mizinga ya nyuki na wanyamapori kuliko nyumba za watu. Njia za upande huu zina historia ya kuzunguka. Mwaka 1871 Stanley alipotoka Kwihara kumtafuta Livingstone, alilazimika kushika upande wa kusini kwa sababu vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na kurudi ndio waliokuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuleta maneno ya Kiswahili bara, wakiyabeba pamoja na shanga na nguo. Leo abebaye maneno ni dereva na fundi wake.

Tulipopita huko kukusanya msamiati wa mafundi, tulielezwa habari za gari la idara moja lililokwama. Barua iliyopelekwa mjini iliomba bomba la mafuta. Kilicholetwa baada ya siku tatu kilikuwa mikono miwili ya mpira, mizuri na mipya, hali gari lilikuwa limekufa pampu. Mwandishi wa barua hakukosea Kiswahili, wala mtunza stoo hakukosea. Kila mmoja alikuwa na haki yake ndani ya neno lile lile.

Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba katika maandishi ya ufundi wa magari, pampu liwe jina la chombo kinachosukuma, na neli liwe jina la mwanzi mwembamba unaopitisha mafuta. Bomba libaki kwa njia kubwa za maji, moshi na mafuta ghafi. Neli si neno geni. Walimu wa sayansi wanalifahamu katika maabara. Mafundi wa Ipole, tukiri, hawalitumii. Wao husema paipu kwa ile ya chuma na mpira kwa ile inayopindika. Mpira ni jina zuri na hatuoni sababu ya kuliondoa, ila mfasiri akumbuke kulikamilisha: mpira wa petroli. Mpira wa maji ukipitishiwa petroli huvimba, hulainika, na mwishowe hupasuka, na gari likashika moto. Katika jambo hili neno la pili ndilo lenye kuokoa maisha.

Tukiisha kutenga majina hayo, kazi yenyewe yaelezeka kwa urahisi. Katika gari la zamani lenye kabureta, pampu hufungwa ubavuni mwa injini na kuendeshwa na kemshafti. Ndani yake mna kiwambo kinachopanda na kushuka, na vilango viwili, kimoja cha kuingizia na kimoja cha kutolea. Kanieneo yake ni ndogo, yapata kilopaskali 20 hadi 35, kwa sababu kabureta haihitaji zaidi. Ikisukumwa kwa nguvu, boya lake hushindwa kufunga na petroli humwagika. Gari lenye nozeli linataka jambo jingine kabisa. Pampu yake ni ya umeme, mara nyingi imezama ndani ya tangi, na kanieneo yake hufikia kilopaskali 300 au zaidi. Fundi anayefunga pampu ya namna ya pili kwenye gari la namna ya kwanza bila kidhibiti cha kanieneo hakuongeza nguvu, ameongeza moto.

Msomaji ataona tumetumia neno kanieneo. Tunajua kwamba fundi husema presha, na kwamba hospitalini husemwa shinikizo la damu, na kwamba watabiri wa hali ya hewa husema mgandamizo. Tungependa kila chombo kiheshimiwe katika uwanja wake. Lakini ndani ya injini mgandamizo una kazi nyingine maalumu, nayo ni ule ubanaji wa hewa na petroli ndani ya silinda kabla ya plagi kutoa cheche. Mtu akiandika kwamba mgandamizo wa gari umepungua, fundi atafungua injini kutazama ringi za pistoni, ilhali tatizo labda lilikuwa chujio lililoziba. Kanieneo, neno ambalo wanafunzi wa fizikia hulisoma kwa maana ya kani katika eneo, halina mgogoro huo. Presha twaweza kuivumilia katika mazungumzo.

Sasa kwa nini gari linaloongezewa nguvu libadilishiwe pampu na neli? Sababu ni hesabu. Injini ya petroli isiyo na mtambo wa kusindilia hewa, yenye nguvu farasi 100, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote huhitaji yapata lita 30 za petroli kwa saa. Ikifungwa mtambo wa kusindilia hewa na kufikishwa nguvu farasi 300, mahitaji hupanda hadi karibu lita 110 kwa saa. Pampu ya awali haikukusudiwa kazi hiyo. Tena, pampu hutoa mafuta machache zaidi kadiri kanieneo inavyopanda, kwa hiyo idadi ya lita iliyoandikwa kwenye kasha haina maana ikiwa haikutajwa pamoja na kanieneo yake. Mfasiri asiiache sehemu hiyo ya pili kwa kudhani ni pambo.

Neli nazo zina hesabu yake. Njia ya mafuta haikui kwa kadiri ya kipenyo, bali kwa mraba wake. Neli ya milimita 8 ina nafasi ya kupitishia inayozidi ile ya milimita 6 kwa karibu asilimia 78, wala si kwa theluthi kama jicho linavyodanganya. Vilevile pampu ni hodari wa kusukuma kuliko kuvuta, na ndiyo maana hufungwa karibu na tangi na chini yake iwezekanapo. Ikilazimika kuvuta kwa mbali katika joto la mchana, kanieneo ndani ya neli ya kuvutia hushuka, petroli huchemka humo humo, na pampu hubaki ikisaga mvuke. Kisha zipo nyaya. Pampu kubwa hula umeme mwingi, na waya mwembamba wa zamani huinyima volti. Injini hukosa mafuta ingawa kila kitu ni kipya. Mafundi hodari huipa pampu waya wake kutoka betri, kwa kupitia rilei na fyuzi, na huhakikisha kwamba injini ikizima, pampu nayo inazima.

Mambo haya si ya nchi za mbali. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita katika miaka yake ya mwanzo Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967 yalishindwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, wakiendesha Peugeot 404 isiyotumia kabureta bali nozeli zilizolishwa kwa mtambo. Mfumo wa namna hiyo una pampu mbili: moja hutoa petroli tangini, na nyingine huipima na kuigawa kwa kila silinda. Tunapendekeza ya kwanza iitwe pampu mlisho na ya pili pampu mgawo. Baadaye Toyota Celica yenye mtambo wa kusindilia hewa ilishinda Safari kwa miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, ikiwa na nguvu farasi zaidi ya 300. Gari kama hilo lisingefika popote kwa pampu ya gari la kawaida, hasa kwa kuwa kanieneo ya petroli sharti ipande pamoja na kanieneo ya hewa inayosindiliwa, la sivyo nozeli husukumana na upepo badala ya kupuliza. Kazi hiyo ndiyo ya kidhibiti cha kanieneo. Petroli inayozidi hurudi tangini kwa neli rejeshi, jina ambalo twaona laeleweka bila ufafanuzi.

Limebaki neno la kutajia kazi yote. Wafasiri wengi huandika kuboresha mfumo wa mafuta. Hatulipendi. Kuboresha ni kutoa hukumu kwamba kitu kimekuwa bora, na pampu kubwa katika gari lisiloihitaji si bora hata kidogo; hupasha petroli joto kwa kuizungusha bure na huchosha jenereta. Kuongeza uwezo ndiyo maana halisi, kwa sababu uwezo hupimika kwa lita na kilopaskali. Dereva wa Ipole anayeliandaa gari lake kwa mizigo ya kwenda Rungwa anaweza kuamua asiongeze uwezo wowote, akabadilisha tu mpira uliochoka na chujio, na akawa ameliboresha gari lake kuliko wote.

Dhana moja haijapata jina linaloturidhisha, nayo ni ile ya petroli kuchemka ndani ya neli na kuifunga njia. Mafundi husema gari limeshika hewa, lakini hewa iliyoingia kwa tundu na mvuke uliozaliwa ndani ni mambo mawili, na dawa zake ni mbili: la kwanza hutafutwa lilipo tundu, la pili husubiriwa lipoe au hufunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Mzibo wa mvuke ndilo pendekezo lililo mbele ya kamati. Walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wenye neno jingine wanaombwa kutuandikia, wakitaja mahali linapotumika na namna linavyotumika katika sentensi.