Upimaji wa umeme wa ubongo katika kumbukumbu ya kuona

Upimaji wa umeme wa ubongo katika kumbukumbu ya kuona ni njia ya kuchunguza jinsi ubongo unavyoshikilia kwa muda mfupi kitu ambacho macho hayakioni tena. Hutumia elektroensefalografia, kwa kifupi EEG, yaani kurekodi umeme kwa elektrodi zinazowekwa juu ya ngozi ya kichwa. Daktari Mjerumani Hans Berger alirekodi EEG ya binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924.

Umeme huo ni mdogo sana na hupimwa kwa maikrovolti. Hata kupepesa jicho huweza kuufunika, kwa hiyo jaribio hurudiwa mara nyingi na kutafutwa wastani.

Jaribio la miraba

Mwaka 2004 Edward Vogel na Maro Machizawa wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walitoa katika jarida la Nature matokeo ya jaribio ambalo limeigwa sana tangu hapo. Mshiriki hukazia macho katikati ya skrini, na mshale humwonyesha upande wa kukumbuka. Miraba ya rangi hutokea pande zote mbili kwa sehemu ya kumi tu ya sekunde, kisha hutoweka. Baada ya karibu sekunde moja hurudi, naye aseme kama kuna rangi iliyobadilika.

Miraba ya upande wa pili si pambo. Vitu vya kushoto hupokewa na nusu ya kulia ya ubongo, na vya kulia na nusu ya kushoto. Kwa kuwa macho yanapokea miraba sawa pande zote, tofauti ya umeme kati ya nusu hizo hutokana na kukumbuka, si kuona tu.

Wakati skrini ikiwa tupu, wimbi hasi huonekana nyuma ya kichwa, katika nusu iliyo mkabala na upande unaokumbukwa. Hukua kadiri miraba inavyoongezeka, lakini hukoma kwenye mitatu au minne. Kwa wenye kumbukumbu ndogo hukoma mapema zaidi.

Mwaka 2005 Vogel na wenzake waliwataka washiriki wakumbuke vipande vyekundu viwili na kupuuza vya buluu viwili. Kwa wenye kumbukumbu kubwa wimbi lilikuwa kama la vitu viwili. Kwa wengine lilikaribia la vinne. Basi huenda tatizo lao si udogo wa chombo, bali kujazwa visivyotakiwa.

EEG huonyesha vizuri wakati wa tukio, hadi milisekunde, lakini mahali pake ndani ya ubongo hapajulikani kwa uhakika huohuo.