Nani Hulipia Matusi Yanayozibwa?

Tarehe 11 Novemba 2004, siku ambayo Marekani huwaenzi wanajeshi wake wa zamani, shirika la televisheni la ABC lilipanga kurusha Saving Private Ryan, filamu ya Steven Spielberg kuhusu askari waliotua ufukweni Normandy mwaka 1944. Vituo 66 vinavyorusha matangazo ya ABC vilikataa kuionyesha. Hapakuwa na amri ya serikali. Wenye vituo waliingiwa na hofu kwa sababu ya matusi wanayotupiana askari wakiwa chini ya risasi, ingawa filamu hiyohiyo ilikwisha kuonyeshwa na ABC mwaka 2001 na 2002 bila kukatwa.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Machi 2004, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilitengua uamuzi wake wa awali na kusema kwamba tusi moja lililomponyoka mwimbaji Bono akipokea tuzo mubashara lilikuwa kosa. Kufikia Novemba, faini ya juu ilikuwa dola 32,500. Shirika kubwa lina wanasheria wa kupambana miaka mingi. Kituo cha mji mdogo hakina, na leseni yake iko mikononi mwa tume hiyohiyo. Wapo walioomba tume iwaambie mapema kama filamu ingewaponza. Ikakataa, kwa kuwa sheria inaizuia kukagua kipindi kabla hakijarushwa. Ni kinga njema dhidi ya serikali, lakini hapa iliwaacha watu wakibahatisha, na anayebahatisha na riziki yake huchagua kunyamaza.

Februari 2005 FCC ikatamka kwamba filamu haikuwa na kosa: matusi yale yalihitajika ili vita vionekane vilivyo. Vituo 66 vilikuwa vimeogopa bure.

Linaloniuma zaidi ni lililofuata. Machi 2006 tume hiyohiyo ilikitoza dola 15,000 kituo cha KCSM cha huko California, kinachomilikiwa na chuo cha umma, kwa kurusha filamu ya hali halisi kuhusu wanamuziki wa blues na hip-hop. Matusi yalikuwa yaleyale. Askari wa kuigizwa waliruhusiwa kusema kama askari. Wanamuziki halisi, wengi wao Weusi, wakizungumzia maisha yao wenyewe, wakaambiwa lugha yao si ya lazima. Kwangu mimi hapo ndipo gharama kubwa ilipo: ofisa anapewa uwezo wa kuamua uhalisia wa nani una thamani.

Wazazi wanaotaka kuwakinga watoto wana hoja ya kweli, na sheria ilikwisha kuisikia. Marufuku ya matusi hewani haigusi saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, watoto wakiwa wamelala. Hata hivyo, Septemba 2006, shirika la CBS liliporudia filamu ya hali halisi kuhusu mashambulizi ya Septemba 11, 2001, baadhi ya vituo viliisogeza hadi usiku sana au kuiacha kabisa, kwa sababu wazimamoto waliorekodiwa ndani ya maafa yale walitukana. Miezi mitatu kabla, kiwango cha juu cha faini kilikuwa kimepandishwa mara kumi, hadi dola 325,000.

Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilifuta maamuzi kadhaa ya tume, ikisema vituo havikupewa onyo la kutosha. Swali la uhuru wa kusema haikuligusa.