BESIBOLI: WARUSHAJI WA ZAMANI WALIKUWA CHUMA KWELI?



Ukikaa na mzee wa Kimarekani anayependa besiboli, haichukui muda ataanza: warushaji wa siku hizi ni lelemama, wa enzi zetu walikuwa chuma! Ni stori zile zile tunazopigwa na wazee wetu kuhusu soka. Sasa leo tuiangalie, kuna ukweli hapo au ni ubishi wa kijiweni tu?

Kwa wasioujua mchezo, mrushaji, ambaye wenyewe wanamwita pitcha, anasimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18.4 kutoka kwa mpigaji mwenye rungu. Kazi yake ni kurusha mpira ili yule jamaa aukose au aupige vibaya. Mechi ya kawaida ina awamu 9.

Haya, ushahidi wa wazee. Tarehe 2 Julai 1963, pale San Francisco, Juan Marichal wa Giants alikutana na Warren Spahn wa Milwaukee Braves, mtu mzima wa miaka 42. Awamu 9 zikaisha 0-0, hakuna aliyekubali kutoka. Wakaenda mpaka awamu ya 16! Ndipo Willie Mays akaupiga mpira wa Spahn ukavuka ukuta, Giants wakashinda 1-0. Marichal alirusha mipira 227 siku hiyo, Spahn 201. Siku hizi mrushaji akikaribia 100 tu, kocha keshaanza kuangalia benchi.

Halafu kuna Bob Gibson wa St. Louis Cardinals. Mwaka 1968 alianza mechi 34, akamaliza 28 mwenyewe, na wastani wake ulikuwa kuruhusu pointi 1.12 tu kwa kila awamu 9. Msimu ule warushaji walitesa mpaka ligi ikaamua kukipunguza kichuguu kuanzia 1969, kutoka sentimita 38 hadi 25, ili wapigaji nao wapumue. Sasa linganisha: mwaka 2024, warushaji wa timu zote 30 za ligi kuu, wote kwa pamoja, walimaliza mechi 28. Yaani sawa na Gibson peke yake!

Kisa kingine ni cha tarehe 13 Aprili 2022. Clayton Kershaw wa Dodgers alirusha awamu 7, wapigaji 21 wakaja na wote 21 wakarudi benchi. Bado awamu 2 tu aingie kwenye historia, na alikuwa amerusha mipira 80. Kocha akamtoa! Mashabiki wakalalamika kweli kweli, ila Kershaw mwenyewe aliukubali uamuzi, kwa sababu msimu wa nyuma yake alikuwa ameumia mkono.

Kwa nini mambo yamegeuka? Kwanza, timu zilipiga hesabu zikaona mpigaji akikutana na mrushaji yule yule mara ya tatu anakuwa keshamsoma. Afadhali alete mtu mpya. Pili ni spidi. Mrushaji wa zamani alijua ana awamu 9 mbele yake, kwa hiyo alibana nguvu, akazitoa zote pale tu mambo yalipokuwa magumu. Wa leo anarusha kila mpira kwa nguvu zote, muda mfupi, kisha anaingia mwingine. Wastani wa mpira wa kasi ulikuwa kama km 147 kwa saa mwaka 2008, ukafika km 152 mwaka 2024. Aroldis Chapman aliwahi kurusha karibu km 170 mwaka 2010!

Anayelipia hiyo spidi ni kiwiko. Ndani yake kuna kano ambayo inavutwa kila mpira unaporushwa, na mwisho inakatika. Mwaka 1974 Dk. Frank Jobe alichukua kano ya mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John akaipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto. John alirudi uwanjani 1976 akacheza hadi 1989. Ndiyo maana operesheni hiyo inaitwa kwa jina lake.

Na hapa ndipo wazee wanapojisahau. Sandy Koufax alishinda mechi 27 mwaka 1966, halafu akastaafu mwaka huo huo akiwa na miaka 30 tu, kiwiko kimekwisha. Kabla ya 1974 ukikatika kano, ndiyo basi tena. Tunasimuliwa akina Spahn kwa sababu mikono yao ilidumu. Waliovunjika mapema nani anawataja?

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba wa leo ni lelemama. Kinachoniuma ni vijana wa sekondari huko Marekani, wanaokimbizana na spidi ili timu ziwaone, na wengine wanapasuliwa viwiko hata shule hawajamaliza.

We mdau unaonaje: Kershaw angeachwa amalize, au kocha alikuwa sahihi? Tiririka hapo chini. Nawasilisha!