Vidoti vitatu vya shangazi: Kansa iliisha 1987, deni likaja 2013!

KUNA siku nilikuwa namsaidia shangazi yangu wa Tanga kufunga khanga baada ya kuoga, nikaona kitu ambacho tangu nizaliwe sijawahi kukiona. Vidoti vitatu vya bluu, vidogo kama kichwa cha pini, vimejipanga katikati ya kifua. Mie na mdomo wangu nikaropoka: "Kumbe na wewe shangazi ulichora tatuu enzi zako?"

Alicheka mpaka akakaa kitandani. Halafu akaniambia nivute kigoda, maana stori yenyewe ni ndefu.

Mwaka 1987, akiwa na miaka 23, shangazi alimfuata mumewe aliyekuwa masomoni Uingereza. Baridi ya huko ikamfundisha kuvaa skafu, na hiyo skafu ndo iliyomshtua. Kila akiifunga inabana upande mmoja wa shingo. Kujipapasa, uvimbe! Hauumi, hauwashi, upo tu.

Hospitali walikata kipande cha tezi wakakipima, wakamwambia ana Hodgkin, yaani kansa ya matezi, tena ile aina adimu ambayo huwapata kama watu 5 tu katika kila wagonjwa 100 wa Hodgkin, na wengi wao ni wanaume. "Mie nilidhani Hodgkin ni jina la daktari wa zamu," anasema. Hakukosea sana. Thomas Hodgkin alikuwa daktari wa London, na ndiye aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1832.

Kwa zaidi ya miaka mia baada ya hapo, aliyepewa jina la ugonjwa huo alikuwa anaandaliwa sanda. Mambo yalianza kubadilika pale daktari mmoja mama wa Toronto, Kanada, Vera Peters, alipotoa matokeo yake mwaka 1950 kuonyesha kwamba wagonjwa waliochomwa mionzi mapema, tena mpaka kwenye matezi ya jirani ambayo bado hayajavimba, walikuwa wanapona. Baadaye Henry Kaplan wa Stanford, Marekani, akaiendeleza tiba hiyo kwa mashine zenye nguvu zaidi.

Basi shangazi akachomwa mionzi siku 20. Shingo, makwapa na kifua, vyote kwa pamoja. Madaktari waliliita eneo hilo "joho", kwa jinsi lilivyokaa mabegani na kifuani kama vazi. Vile vidoti walimchanja ili kila siku mashine ipige palepale.

Uvimbe ukayeyuka. Mwaka uliofuata wakarudi Tanzania, watoto wakazaliwa, na habari ya kansa ikafungiwa sandukuni pamoja na makoti ya baridi.

Na nani angefikiria vinginevyo? Hata mastaa ni hivyohivyo. Mario Lemieux, yule bingwa wa mpira wa magongo wa kwenye barafu, alimaliza mionzi yake ya Hodgkin tarehe 2 Machi 1993, na usiku huohuo akaingia uwanjani akafunga goli! Stori tamu kama hiyo ndo inayokumbukwa. Ya miaka 25 baadaye haina mpiga picha.

Kwa shangazi, dalili zilianza kwenye miaka ya tisini mwishoni. Akawa mchovu, ngozi kavu, mwili unanenepa. Majirani wakamsifia: "Mama fulani maisha yamemkubali!" Kumbe wapi. Tanga ya Januari, jua la saa saba mchana, yeye kavaa sweta! Alizunguka zahanati wee, akapewa dawa za malaria na vidonge vya kuongeza damu. Hakuna aliyemuuliza kama alishawahi kuchomwa mionzi, na yeye hakusema. Kwake, hiyo ilikuwa habari ya zamani.

Sasa hapa ndo paliponikata maini. Mwaka 2003 serikali ya Uingereza iliamua kuwatafuta wanawake waliochomwa mionzi ya kifua kwa ajili ya Hodgkin wakiwa wasichana, iwaambie kwamba wapo kwenye hatari ya kansa ya matiti na wanatakiwa kupimwa. Shangazi alikuwa mmoja wao kabisa. Lakini kama barua yake iliandikwa, ilikwenda kwenye chumba walichopanga mwaka 1987. Tanga haikufika.

Miaka kumi baadaye, akiwa na miaka 49, akakuta kijiwe kwenye titi la kushoto.

Daktari aliyempima safari hii alikuwa kijana, pengine wa rika langu. Akaona vidoti. "Mama, hivi vilitokana na nini?" Swali moja tu! Kusikia jibu akaweka kalamu chini. Alipima titi, akapima na damu ya tezi ya thairoidi, ile iliyopo shingoni, akakuta imezimika siku nyingi. Ndo maana ya sweta. Kidonge kimoja kila asubuhi kikamaliza baridi ya miaka kumi na tano.

Titi halikuwa rahisi hivyo. Wanawake wengi siku hizi hutolewa uvimbe tu, halafu wanachomwa mionzi. Lakini kifua cha shangazi kilishabeba mionzi mingi, kuongeza juu yake ni hatari. Likatolewa titi lote.

Inakuwaje? Mionzi inapoua kansa hupitia pia kwenye nyama nzima, ikaharibu mbegu za urithi ndani ya seli. Nyingine hufa, nyingine hukaa kimya na jeraha lake miaka na miaka. Titi la binti ambalo bado linakua ndo linaathirika zaidi. Mishipa ya moyo nayo hukakamaa polepole, na milango yake huweza kuziba au kuvuja.

Waholanzi waliwafuatilia watu 3,905 waliotibiwa Hodgkin kati ya 1965 na 2000 wakaishi angalau miaka mitano. Hesabu yao ilionyesha kwamba ikifika miaka 40 baada ya tiba, karibu nusu wanakuwa wamepata kansa nyingine. Nusu, jamani! Na kwa hii aina adimu ya shangazi, ambayo yenyewe huenda kwa mwendo wa konokono, utafiti wa zamani ulikuta waliokufa kwa kansa nyingine na moyo ni wengi kuliko waliouawa na ugonjwa wenyewe.

Usije ukamkimbiza ndugu yako hospitali kwa sababu yangu! Ile mionzi ndo iliyoyeyusha uvimbe wa shangazi. Tena joho lenyewe halivaliwi tena. Siku hizi huchomwa pale penye tezi tu, kwa kipimo kidogo, na wengi huongezewa dawa ili mionzi ipungue.

Maneno haya ni ya wale wa zamani. Mwanamke aliyechomwa mionzi kifuani akiwa binti anatakiwa apimwe matiti kila mwaka kwa picha na kwa MRI, kuanzia miaka 8 baada ya tiba au akifika miaka 25, ipi inachelewa. Thairoidi nayo kila mwaka, na moyo usikilizwe. Uvimbe mpya kwenye tezi ukatwe upimwe, maana aina hii huweza kurudi hata baada ya miaka zaidi ya kumi, na pengine ikarudi imegeuka kali.

Yule daktari kijana aliandika Uingereza kuomba taarifa. Jibu lilichukua miezi, lakini lilikuja: Hodgkin, 1987, shingo, makwapa na kifua, kipimo grei 35. Shangazi amelikunja kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho cha kura. Limechakaa mpaka maandishi yanafutika kwenye mikunjo.

Siku ile alinipa karatasi ya daftari na kalamu. "Mwanangu, si ndo kazi yako kuandika? Ninakilie vizuri, herufi kubwa. Nakala tatu."