Mama mwenye mimba na ugonjwa wa sukari

Mfereji ukizibwa na udongo, shamba hukauka ijapokuwa mto umejaa maji. Ndivyo ilivyo katika mwili wa mama mwenye ugonjwa wa sukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu utando laini ulio ndani ya mishipa. Mishipa mikubwa hukakamaa na kupungua upana. Ile midogo ya machoni na ya figo huvuja au huziba.

Mama huyo akishika mimba, mishipa yake huongezewa kazi, maana damu ya mwili huzidi karibu nusu ya ile ya kwanza. Mtoto naye hupata chakula na hewa kwa njia ya kondo la nyuma, lililojaa mishipa ya damu. Mishipa ikiwa mibovu, mtoto aweza kudhoofika tumboni. Macho na figo za mama zaweza kuharibika zaidi. Na presha ya damu yaweza kupanda hata kuleta kifafa cha mimba, ambacho huua.

Je, tukate tamaa? Hapana. Mwaka 1921 Banting na Best walivumbua insulini huko Toronto, na tangu hapo kina mama wengi wenye ugonjwa huu wamezaa watoto wazima. Mwaka 1949, huko Boston, mganga Priscilla White aliwapanga wagonjwa wenye mimba kwa kutazama umri walipoanza kuugua, miaka ya ugonjwa na hali ya mishipa yao. Alifundisha hivi kwamba haitoshi kupima sukari ya leo tu. Yafaa kujua pia mishipa imekwisha kupatwa na nini.

Kwa hiyo, mama mwenye sukari amwone mganga kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa nyingine za presha humdhuru mtoto, na lazima zibadilishwe. Macho na mkojo vipimwe mapema; presha ipimwe kila aendapo kliniki. Asubuhi, kabla ya kula, sukari isifike miligramu 95 katika desilita moja ya damu. Mganga aweza pia kumpa aspirini kidogo kila siku tangu juma la 12, ili kuzuia kifafa cha mimba. Lakini mama asijipe mwenyewe. Bugali na uwe kidogo, sombe, maharagwe na samaki viongezwe, soda na chai ya sukari viachwe.

Wako wanaoacha sindano wakiogopa kwamba itamdhuru mtoto. Wanakosea: insulini ya mama haivuki kondo kumfikia mtoto. Wengine huiacha wakisema kwamba wanasali. Sala ni njema, lakini Mungu aliyetupa uhai ametupa pia akili ya kuulinda.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono vikivimba, au tumbo likiuma chini ya mbavu, twende hospitali siku ile ile, wala tusingoje kesho.

Nanyi akina baba, msimwachie mke mzigo huu peke yake. Fedha ya chupa moja ya bia yaweza kusaidia kununua dawa. Mwaliapa mbele ya altare kuwa pamoja katika afya na katika ugonjwa. Basi, siku ya kliniki ndiyo siku ya kutimiza neno hilo.